Besi Inayojua Kusimama: Namna ya Kuchagua Hedifoni kwa Singeli, Hausi na Amapiano

Singeli inayokimbia kwa mapigo 300 kwa dakika humletea msikilizaji pigo jipya kila baada ya milisekunde 200. Ngoma nzito ya chini, ile inayogonga kifua ukisimama mbele ya spika kubwa, mara nyingi hukaa kwenye masafa ya karibu hezi 50, na wimbi moja la sauti ya namna hiyo huchukua milisekunde 20. Ukipiga hesabu, kati ya pigo na pigo kuna nafasi ya mawimbi kumi tu. Ndani ya mawimbi hayo kumi hedifoni inatakiwa ianze kutikisika, itoe mdundo kamili, kisha itulie kabisa kabla pigo linalofuata halijafika. Hedifoni nyingi zinazouzwa mjini huanza vizuri. Kutulia ndiko kunakozishinda.

Nenda duka lolote la vifaa vya simu pale Kariakoo, uulize hedifoni ya kusikilizia muziki wa kuchezwa. Muuzaji atakuvisha moja kichwani, atafungua wimbo kwenye simu yake, atapandisha sauti hadi mwisho na kukuuliza, "Unaisikia besi hiyo, kaka?" Utaisikia, maana imeongezwa kiwandani makusudi ili isikike hata katikati ya honi na makelele ya Mtaa wa Msimbazi. Wengi hulipa papo hapo. Wakifika nyumbani kwenye utulivu ndipo wanapogundua kwamba kila mwimbaji anaimba kama amefunikwa blanketi, na kwamba ngoma zote, za wimbo wowote ule, zina sauti moja.

Kuuliza kama hedifoni ina besi hakutoshi. Maswali yanayomfaa mnunuzi ni mawili. Je, besi hiyo inakatika pale ngoma inapokatika? Na je, naipata bila kulazimika kupandisha sauti hadi mwisho? Swali la kwanza linahusu utamu wa muziki, la pili linahusu uzima wa masikio, na kwangu yote mawili yana uzito mmoja.

Muziki wa kuchezwa umejengwa juu ya mdundo tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1977 DJ Frankie Knuckles alianza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mjini Chicago, na miaka michache baadaye vijana wa mji huo wakawa wanatunga nyimbo zao wenyewe kwa mashine za ngoma. Ndiyo hausi. Kule Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson wakafungua njia ya tekno. Mashine walizozitegemea zilitoka kampuni ya Roland ya Japani: TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983. Zote mbili ziliacha kutengenezwa baada ya muda mfupi, bei zake za mtumba zikashuka, na vijana wasiokuwa na fedha za kukodi studio wakaweza kuzinunua. Ngoma kubwa ya 808 ina mvumo mrefu wa chini. Ya 909 inagonga na kukatika. Hadi leo, ukisikiliza hausi, tekno au hip hop, utakutana na mojawapo ya hizo mbili au na mjukuu wake aliyemo ndani ya kompyuta. Hedifoni isiyoweza kukutofautishia mvumo wa moja na mshindo wa nyingine inakunyima nusu ya kazi ya mtunzi.

Sisi nasi tuna ya kwetu. Singeli imetoka kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za uswahilini, ikiwa na damu ya mchiriku na vipande vya taarabu vilivyoharakishwa kwa kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati katika albamu ya Sounds of Sisso, na wapenzi wa tekno wa Ulaya wakaanza kuulizana huu ni muziki gani. Ni muziki wa kielektroniki wa kuchezwa kwa kila kipimo, ila mwendo wake ni wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati hausi ya kawaida haizidi sana 130. Ndiyo maana nasema kijana wa Manzese au Tandale anahitaji hedifoni makini kuliko mwenzake wa Chicago. Kwenye hausi ya mapigo 125, kati ya pigo na pigo kuna karibu nusu sekunde, na hedifoni nzito inapata muda wa kujikusanya. Kwenye singeli haipati. Mdundo mmoja unamezwa na unaofuata, na kinachobaki ni mvumo usiokoma, na juu yake MC anayesikika nusu nusu.

Halafu kuna jambo la mwili. Muziki huu ulikusudiwa kusikika kwenye spika zenye urefu wa mtu, zikisukuma hewa ukumbi mzima au mtaa mzima. Besi ya spika hizo huisikii kwa masikio peke yake. Kifua kinaisikia, tumbo linaisikia, hata nyayo zinaisikia. Hedifoni haina uwezo huo. Inasukuma hewa kidogo iliyo kati ya utando wake na ngoma ya sikio, basi. Mtu aliyezoea kigodoro akivaa hedifoni huona kuna kitu kimepungua, naye hukitafuta kwa kidole gumba kwenye kitufe cha sauti. Anapandisha mara ya kwanza, anapandisha mara ya pili. Kifua hakigongwi ng'o, lakini masikio yanazidi kupokea.

Sikio lenyewe nalo linachangia. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kusikia sauti za chini sana pale sauti inapokuwa ndogo. Wimbo uleule, ukiusikiliza kwa sauti ndogo, besi inaonekana kunywea kuliko sauti za kati. Ukipandisha, besi inarudi. Hilo si kosa la wimbo wala la hedifoni, ni umbile letu. Na huenda hilo likasaidia kueleza kwa nini utafiti uliofanywa ndani ya kampuni ya Harman na Sean Olive na wenzake, waliowapa watu wengi hedifoni za aina mbalimbali wazisikilize na kuzipima, ulikuta kwamba wasikilizaji wengi wanapenda besi iongezwe kidogo kuliko ilivyo kwenye mstari ulionyooka. Kidogo, tena chini kabisa, kwenye masafa yaliyo chini ya hezi 100 hivi.

Hapo ndipo hedifoni nzuri ya muziki wa kuchezwa inapoachana na ile ya maneno matupu. Nzuri inainua sehemu ya chini kabisa na kuiacha sehemu ya kati ijitegemee. Mbovu inainua kila kitu hadi hezi 200 na 300, kwenye eneo la sauti za wanaume na sehemu za chini za kinanda, ndiyo maana sauti ya mwimbaji inazibwa. Zote mbili zitaandikwa kwenye boksi kuwa na besi ya ziada.

Besi lakini haianzii kwenye utando wala sumaku. Inaanzia pale hedifoni inapogusana na kichwa. Sauti za chini hutoroka kirahisi kupitia mwanya mdogo sana, na hili wanunuzi wengi hawalijui. Hedifoni ya bei kubwa isiyoziba vizuri itapigwa na ya bei ndogo inayoziba. Jipime hivi: vaa hedifoni, fungua wimbo wenye ngoma nzito, kisha zibane sponji zote mbili taratibu kwa viganja. Kama besi inaongezeka sana unapobana na kupungua unapoachia, hedifoni hiyo haikai vizuri kwenye kichwa chako. Huenda ikamkaa rafiki yako bila tatizo lolote, kwa hiyo usinunue kwa kusifiwa. Nunua kwa kuvaa.

Mikono ya miwani hupita chini ya sponji na kufungua njia ya hewa. Rasta nene hufanya vivyo hivyo, hasa zikiwa zimeshuka mbele ya masikio. Dada anayevaa ushungi akiweka hedifoni juu ya kitambaa atapoteza sehemu kubwa ya besi, na pengine atadhani amepewa bidhaa mbovu. Kwa mvaa ushungi, na kwa mwenye miwani ya fremu nene, ushauri wangu ni kuachana na hedifoni za kuvaa kichwani na kuchukua zile ndogo za kuchomeka ndani ya tundu la sikio. Hizo huziba kwa mpira wake, na kwa kawaida huja na mipira ya ukubwa tofauti. Watu wengi hutumia ule uliokuja umevishwa na kuitupa mingine. Ijaribu yote, hata sikio la kulia na la kushoto kila moja kwa saizi yake, kwa kuwa matundu ya masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Mpira ukikaa sawa, kelele za nje zinapungua mara moja na besi inajaa bila kugusa kitufe cha sauti.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuziba, hedifoni za wazi siwashauri wapenzi wa muziki huu kuanza nazo. Hizi ni zile zenye matundu nyuma ya kikombe, ambazo Sennheiser waliziingiza sokoni mwaka 1968 kwa modeli yao ya HD 414. Zina hewa, masikio hayapati joto, na sauti yake inatanuka kana kwamba inatoka chumbani badala ya ndani ya kichwa. Lakini nyingi huishiwa nguvu pale chini kabisa, na kila kelele ya nje inaingia. Kwa anayeishi chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi, au anayesikiliza akiwa kwenye daladala, iliyofungwa ndiyo inayofaa.

Nyimbo za kujaribia ziwe zako, kwenye simu yako, nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Mimi ningechukua aina tatu. Ya kwanza ni singeli ya kasi, kwa ajili ya ile hesabu ya milisekunde 200: sikiliza kama unaweza kuhesabu mapigo ya chini moja moja au yameungana. Ya pili ni amapiano. Muziki huu wa Afrika Kusini unakwenda taratibu, mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, na roho yake ni ile besi yenye sauti ya gogo inayopanda na kushuka. Besi hiyo ina nota, inaimba. Kwenye hedifoni duni nota zote hugeuka kuwa moja, unasikia mshindo tu bila kujua kama umepanda au umeshuka. Jaribu kuiimba kwa mdomo ukiwa umeivaa. Ukishindwa kuifuata, rudisha hedifoni mezani.

Aina ya tatu ni tekno au hausi yenye matoazi ya 909, yale yanayopigwa katikati ya mapigo. Sauti za juu hazizungumzwi sana madukani, ila ndizo zinazochosha. Hedifoni iliyotiwa ukali juu ili isikike "safi" itafurahisha kwa wimbo mmoja, na baada ya nusu saa utataka kuivua bila kujua sababu. Toazi linatakiwa likae wazi, lisitoe mlio wa kuchoma kama herufi "s" iliyokazwa. Hapa pia ndipo faili bovu linapojifichua. Wimbo uliobanwa sana ili uwe mwepesi kutumwa kwa WhatsApp huwa na matoazi yanayosikika kama maji yanayochuruzika, na hakuna hedifoni itakayorudisha kilichokatwa. Kabla ya kulaumu kifaa, hakikisha wimbo ni mzima.

Na singeli ina kikwazo chake cha pekee. Mchiriku, mama yake, ulikulia kwenye vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye vipaza sauti vilivyozidiwa nguvu, na yale makwaruzo yakawa sehemu ya ladha. Watengenezaji wa singeli wanayapenda pia. Sasa utajuaje kwamba mkwaruzo unaousikia ni wa mtunzi au ni wa hedifoni iliyoshindwa? Punguza sauti hadi nusu. Mkwaruzo ukibaki vilevile, umo ndani ya wimbo, na mtunzi aliukusudia. Ukitoweka, ni utando wa hedifoni, au simu yenyewe, iliyokuwa inazidiwa.

Neno "DJ" kwenye boksi lisikubabaishe. Hedifoni ya DJ inatengenezwa kwa kazi maalumu: mtu amesimama karibu na spika kubwa, sikio moja liko nje likisikiliza ukumbi, sikio la pili limezibwa likitafuta pigo la wimbo unaofuata. Anahitaji kifaa kinachobana, kinachopaza sauti na kisichovunjika. Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988, ndiyo inayoonekana shingoni mwa ma-DJ wengi duniani, na sababu zake zinaeleweka. Ina uzito wa gramu 140 hivi bila waya, kikombe kimoja kinazunguka ili sikio libaki wazi, na karibu kila kipande chake kinauzwa peke yake: waya, sponji, hata spika za ndani. Lakini inakaa juu ya sikio, haizunguki sikio, na inabana. Kwa seti ya saa mbili ukumbini ni silaha. Kwa mtu anayesikiliza mchana kutwa ofisini, masikio yatauma.

Kwa kusikiliza tu, au kwa kijana anayejifunza kutengeneza biti chumbani, ningemwelekeza kwenye hedifoni za studio zilizofungwa. Sony MDR-7506 ipo tangu mwaka 1991 na bado inatengenezwa. Besi yake haina mbwembwe, inakatika kwa wakati, na simu ya kawaida inaiendesha. Ubaya wake ni waya wa kujikunja usiochomoka na sponji zinazobanduka ngozi baada ya muda. Audio-Technica ATH-M50x ina besi iliyoinuliwa zaidi, na waya wake unachomoka, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la maana kuliko rangi na umbo. Waya hukatika pale kwenye pini, na hedifoni yenye waya wa kuchomoka inapona kwa kununua waya mpya tu. Beyerdynamic DT 770 Pro ina sponji za kitambaa laini ambazo kwa joto la pwani ni faraja, ila angalia namba ya ukinzani kabla ya kulipa: inauzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Ya 250 imekusudiwa vifaa vya studio, na kwenye simu itatoa sauti ndogo. Mwenye simu achukue ya 32.

Kuhusu sponji, hali ya hewa yetu haina huruma. Ile ngozi bandia inaoza kwa jasho na unyevu, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, na inaanza kuacha magamba meusi masikioni. Ikishachanika haizibi tena, na besi inaondoka nayo. Kabla ya kununua modeli yoyote uliza kama sponji zake zinapatikana peke yake. Kama hazipatikani, unanunua kitu cha kutupa.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zina msaada mdogo. "Hezi 20 hadi 20,000" ni mipaka ya kusikia ya binadamu kijana, na takribani kila mtengenezaji huiandika. Bila kuambiwa sauti inapungua kwa desibeli ngapi ikifika kwenye mipaka hiyo, namba hizo hazikuambii chochote. Ukubwa wa spika ya ndani, milimita 40 au 50, nao si kipimo cha ubora. Zaidi ya hapo, hedifoni za chapa kubwa zinaghushiwa sana, boksi na nembo vikafanana mno na halisi. Bei ikiwa sehemu ndogo tu ya bei ya kawaida, jua unanunua feki, na uipime kama feki: inawezekana ikawa na sauti ya kuvumilika, lakini usiilipie jina.

Kisha kuna Bluetooth, ambayo wengi sasa hawana budi kuitumia, hasa tangu Apple walipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na makampuni mengine kufuata. Kwa kusikiliza tu, Bluetooth ya leo inatosha. Kodeki ya msingi, yaani njia ya kubana sauti ili ipite hewani, iitwayo SBC, ikitumika vizuri inapitisha muziki bila hasara kubwa, na zilizo bora zaidi kama LDAC ya Sony zinapitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Lakini kwa anayepiga muziki au kutengeneza biti, Bluetooth ni hapana. Kuchelewa kwa sauti kunaweza kufika milisekunde 200, na kwa singeli ya mapigo 300 hiyo ni pigo zima. Unabonyeza ngoma sasa, unaisikia wakati pigo linalofuata limeshafika. Tumia waya, na kama simu haina tundu, nunua kiunganishi chake.

Zile zenye uwezo wa kuzima kelele zinastahili kutajwa kwa sababu moja. Amar Bose alianza kuchora wazo lake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, baada ya hedifoni alizopewa kumezwa na ngurumo za injini. Teknolojia hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kelele za chini zisizobadilika, yaani injini ya basi, jenereta, feni. Kelele hizo ndizo zinazoifunika besi na kukufanya upandishe sauti. Zikizimwa, unasikiliza kwa sauti ndogo. Ila usizivae ukivuka barabara, na usizivae ukiendesha pikipiki.

Sasa lile swali la pili. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwenye desibeli 83 una saa 20 kwa wiki, kwenye 86 una saa 10, kwenye 89 saa 5, kwenye 92 saa mbili na nusu. Ukifika 95, muda wako wa wiki nzima ni saa moja na robo, ambao kijana anaumaliza siku ya Jumatatu kwa safari moja ya kwenda Mbagala na kurudi. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, vinavyogeuza mtikisiko kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo, vikifa havioti tena. Dalili ya kwanza kwa wengi ni mlio mwembamba usiku chumba kikiwa kimya. Wanaoanza kusikia mlio huo waende hospitali kupima masikio, wasisubiri uzoeleke.

Hii ndiyo sababu nasisitiza kuziba na besi iliyopangwa vizuri. Hedifoni inayoziba inazuia kelele za nje na kushika besi ndani, na ile yenye besi iliyoinuliwa chini kabisa inaziba pengo ambalo Fletcher na Munson walilipima. Ukiwa na vyote viwili, muziki unajaa kwenye nusu ya kipimo cha simu, na hamu ya kupandisha inakwisha yenyewe. Simu nyingi pia zina sehemu ya kurekebisha sauti. Badala ya kuongeza besi, punguza sauti za kati na za juu kidogo, uone besi inavyojitokeza bila kukwaruza. Na weka kikomo cha sauti kwenye mipangilio ya simu, hasa simu ya mtoto.

Kwa mwenye fedha za hedifoni moja tu, uamuzi wangu ni huu: nunua iliyofungwa, inayozunguka sikio lote, yenye waya wa kuchomoka na sponji zinazopatikana, ukinzani usiozidi omu 80. Mwenye miwani, rasta nene au ushungi achukue ya kuchomeka sikioni yenye mipira ya saizi mbalimbali. DJ achukue HD 25 au inayofanana nayo, avae na vizibio vya masikio anaposubiri zamu yake. Nenda dukani na simu yako na nyimbo zako, vaa, bana kwa viganja, sikiliza singeli, kisha amapiano, kisha matoazi. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo kabla ya kutoa hela, mshukuru na uingie duka la pili.